Ingia Ngitili kwa Mlango wa Wenyewe

Ukiwa Mwanza, Kahama, Geita au Shinyanga mjini na umepata Jumamosi moja ya bure, una msitu wa kutembelea. Huna haja ya kusubiri likizo ya kwenda Pugu au Arabuko-Sokoke kule Pwani. Misitu mikavu ya huku iko kando ya barabara unayopita kila siku. Wengi huiona vichaka tu, wakapita.

Mingi kati yake ni ngitili. Msukuma hulifunga eneo lake mvua zinapoanza ili nyasi na miti viote bila kuguswa. Kiangazi kikikolea, analifungua kipande kwa kipande, ng'ombe wale. Zipo ngitili za familia, mara nyingi za hekta 2 hadi 5. Zipo pia za kijiji au kitongoji, na hizo zinaweza kupita hekta 100.

Mwaka 1986, mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, yaani HASHI, ulipoanza, ngitili zilizokuwa zimeorodheshwa zilikuwa hekta 600 hivi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zimepita hekta 300,000, katika vijiji zaidi ya 800. Hakuna waya uliozungushwa. Wataalamu walisaidia, lakini waliofunga, wakalinda na kutozana faini ni wanavijiji wenyewe. Ndiyo maana ziara nzuri ya ngitili huanzia kwa watu, miti ikafuata. Shika hilo, na karibu kila ushauri utakaousoma hapa utauelewa kabla sijamaliza sentensi.

Jua msitu ni wa nani

Kabla ya kupanga usafiri, uliza mwenye msitu ni nani. Jibu ndilo litakalokuambia ubishe hodi wapi.

Ngitili ya familia ina baba, mama au ndugu wanaoimiliki. Unaomba nyumbani kwao. Ngitili ya kijiji iko chini ya serikali ya kijiji, hivyo unaanzia ofisi ya kijiji. Hakuna tiketi wala geti, lakini hiyo haina maana kwamba ni mahali pa kuingia tu.

Msitu wa hifadhi wa serikali, kama ule wa Geita, uko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Sheria ya Misitu ya 2002 inadai kibali. Nenda ofisi ya mhifadhi wa wilaya siku ya kazi, eleza unachotaka, upewe control number ulipe. Usimpe mtu fedha mkononi. Stakabadhi iweke mfukoni siku ya safari, maana doria ikikukuta ndani, maneno matupu hayatakusaidia.

Hifadhi za taifa, kama Rubondo na Burigi-Chato, ni za Shirika la Hifadhi za Taifa, TANAPA. Hizo zina utaratibu wake; Rubondo nitaigusa baadaye.

Kama ni mara yako ya kwanza, chagua ngitili ya kijiji. Ni karibu, gharama ni ndogo, na aliyeitunza yupo hapohapo wa kukueleza. Hakuna bango la geti litakalokufundisha kama mzee aliyewahi kuulinda msitu huo usiku.

Tafuta mtu kwanza

Usiende kijiji ambacho humjui hata mtu mmoja. Ulizia kazini, kanisani, msikitini, kwenye kijiwe cha bodaboda. Mjini Shinyanga au Kahama ni vigumu kumkosa mtu mwenye kwao. Ukikosa kabisa, nenda kwa afisa misitu wa halmashauri, akuelekeze kijiji chenye ngitili inayotunzwa na akupe namba ya mtendaji.

Piga simu mapema. Ukifika, nenda moja kwa moja ofisi ya kijiji, onana na afisa mtendaji au mwenyekiti, saini kitabu cha wageni. Sema shida yako kwa kifupi: "Nimekuja kuona ngitili yenu na kujifunza mnavyoitunza. Nitaondoka saa saba mchana." Saa ya kuondoka itaje. Inawatuliza watu.

Hili la kujitambulisha usilichukulie kama urasimu. Upo kwenye ukanda wa dhahabu. Mgeni anayezunguka porini na begi, akiinama kuokota mawe, akipiga picha ardhi, hapa anatafsiriwa haraka: ni mtafiti wa madini, au ni wa kupima ardhi ichukuliwe. Watu wamewahi kuona mambo hayo yakitokea, wana haki ya kuhofu. Kwa hiyo mawe yaache chini. GPS na ramani ya simu zitumie ukiwa barabarani, ndani ya ngitili zirudishe mfukoni. Droni iache nyumbani.

Salamu zitakufungulia milango mingi. Wazee wape shikamoo yao. Kisha ongeza kidogo cha Kisukuma: "mwangaluka" asubuhi, "mwadila" jua likishasogea, na "wabeja" unaposhukuru. Ukikosea matamshi watacheka na kukusahihisha, na mazungumzo yatakuwa yameshaanza.

Omba upewe mwenyeji wa kutembea naye. Mara nyingi atakuwa mjumbe wa kamati ya mazingira au mmoja wa sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji. Patana naye posho kabla hamjaondoka, mbele ya mtendaji, ili jioni asibaki mtu na kinyongo. Kijiji kikiwa na mchango wake kwa wageni, lipa na udai stakabadhi.

Miezi na saa

Kuna misimu miwili mizuri, na kila mmoja una jambo lake la kukuonyesha.

Mwisho wa Aprili hadi Juni, mvua zimekatika, nyasi ziko kiunoni, miti ina majani, ndege ni wengi. Huu ni wakati wa kuona ngitili ikiwa imefungwa na imeshiba. Julai hadi Septemba ni wakati wa kufungua. Utaona ng'ombe wakiingizwa sehemu moja huku nyingine ikiachwa kwanza, na utaelewa kwa macho kazi ya ngitili.

Katikati ya mvua acha. Udongo wa mbuga, ule mweusi unaonata, utaishika pikipiki mpaka gurudumu ligome kuzunguka. Oktoba nayo ina joto kali, na moto ukiwaka kwenye nyasi kavu huna pa kukimbilia.

Anza alfajiri. Saa 12 na nusu uwe umeshaingia. Kufika saa 5 jua litakuwa limewanyamazisha ndege na wewe utakuwa unatafuta kivuli.

Mavazi na mzigo

Vaa suruali ndefu, shati la mikono mirefu na viatu vya kufunika mguu, vyenye soli ngumu. Mwiba wa mgunga hupita kwenye kandambili kama sindano. Viatu hivyohivyo vitakulinda pia na kifutu, nyoka mzito anayelala njiani bila kukimbia. Tazama unapokanyaga. Usiingize mkono kwenye shimo la mti wala chini ya gogo.

Ukielekea maeneo yenye mbung'o, hasa pori la Kigosi na Burigi-Chato, epuka nguo za bluu na nyeusi. Rangi hizo huwavuta, na mbung'o hueneza malale. Khaki au rangi ya udongo ni nzuri.

Beba maji, lita 3 kwa mtu mzima. Kofia. Kitu cha kula ambacho hakihitaji moto. Kiberiti na sigara acha kwa mtendaji. Mfuko wa taka zako njoo nao na uondoke nao.

Usomaji wa msitu

Sasa umeingia. Tembea polepole, nyuma ya mwenyeji wako. Kuna vitu vinne vya kutazama, na ukivijua utaweza kutembelea msitu mkavu wowote ukaelewa hali yake bila kuhadithiwa.

Anza na visiki. Inama kabisa, usitazame kwa mbali. Kisiki cha zamani ni cha kijivu, kimepasuka, na mara nyingi pembeni yake kimetoa machipukizi. Hesabu machipukizi hayo. Yakiwa mengi, membamba, yote yamekatika ncha kwa urefu mmoja, ujue mbuzi na ng'ombe wanayala, hayapewi nafasi. Yakiwa mawili au matatu tu, yamenyooka, unene wa mkono, mtu amekaa hapo na panga akachagua ya kubaki. Ngitili nyingi zilirudi hivyo, kutoka kwenye visiki na mizizi iliyokuwa hai chini, bila mche kununuliwa. Dodoma wanafanya kazi ya namna hiyo kwa jina la Kisiki Hai.

Kisiki kipya kina sura tofauti. Mti umekatwa, nyama yake bado ina rangi mbichi, utomvu haujakauka, na vibanzi vimezagaa chini. Tazama mkato: shoka huacha mteremko wenye makovu, msumeno wa mashine huacha uso bapa kama meza. Mkato wa mashine ndani ya ngitili ya kijiji unahitaji maelezo. Lakini usirukie hukumu. Vijiji vingi huruhusu fito na nguzo za kujengea kwa kibali. Muulize mwenyeji: "Huu ulikatwa kwa ruhusa?" Sauti ya jibu lake itakutosha.

Cha pili ni alama za mkaa. Utaona duara la udongo mweusi, upana wa hatua kadhaa, halina hata jani moja. Ndani yake kuna mabonge ya udongo yaliyoiva kama tofali, na chenga za mkaa. Hapo palikuwa na tanuri. Likiwa la zamani, nyasi zimeanza kurudi kutoka ukingoni. Likiwa na jivu laini linaloingia kidole, ni la msimu huu. Angalia pia liko wapi. Tanuri lililo katikati kabisa, mbali na njia zote, limejengwa na mtu aliyekuwa anajificha.

Cha tatu ni nyasi na mavi ya ng'ombe. Msimu wa kufungwa hutarajii kukuta kinyesi kibichi. Ukikikuta Aprili au Mei, kuna mtu anaingiza mifugo usiku. Msimu wa kufunguliwa, linganisha kipande kilicholiwa na ambacho bado. Kama hakuna tofauti, ile ratiba ya zamu haifuatwi.

Cha nne ni mpaka. Usukuma umezoea mipaka ya minyaa na katani. Fuata mstari huo kwa macho. Ukiona matuta ya mahindi au pamba yameuvuka, na katikati ya matuta kuna visiki ambavyo bado havijang'olewa, shamba linaila ngitili. Huanza hatua mbili tu, na mwakani mbili nyingine.

Katikati ya kutazama vyote hivyo, simama usikilize. Utafiti wa ngitili uliotolewa mwaka 2005 ulihesabu aina 152 za miti, vichaka na mimea inayotambaa, na aina 145 za ndege. Huwezi kuwaona wote. Lakini kanga na kwale utawasikia, na ukibahatika, kundi la wale kasuku wadogo wa kijani wenye uso wa rangi ya chungwa litakupita kichwani likipiga kelele. Mwambie mwenyeji akutajie miti kwa Kisukuma. Mkwaju, mbuyu na migunga utaitambua mwenyewe, mingine utaihitaji kwa jina la wenyewe ndipo upate na matumizi yake.

Upande wa Geita, tahadhari ni nyingine

Tangu Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi linakuvusha kutoka Mwanza bila kungoja pantoni, kwa hiyo Geita imekuwa safari ya kwenda na kurudi siku hiyohiyo. Misitu yake inanyemelewa na jambo ambalo Pugu hawana: dhahabu iko chini ya miti.

Kanuni ya kwanza: kanyaga alipokanyaga mwenyeji wako. Maduara, yaani mashimo yaliyoachwa na wachimbaji wadogo, hufunikwa na nyasi msimu mmoja tu wa mvua. Huoni shimo mpaka uwe juu yake. Ukiona kifusi porini, mawe na udongo wa rangi tofauti na ule unaokanyaga, simama. Shimo liko jirani. Usisogee ukingoni kuchungulia, kwa sababu kwa chini udongo unaweza kuwa umeliwa na umebaki utando wa juu. Usirushe jiwe ndani. Huwezi kujua kama kuna mtu. Mvua ikiwa imenyesha karibuni, eneo la maduara liache kabisa.

Mtoto asitembee peke yake huku. Mshike mkono, hata akilalamika.

Maji ya vijito na madimbwi karibu na wachenjuaji wa dhahabu usiyanywe, usinawe, usimwachie mtoto achezee. Zebaki hutumika kuikamata dhahabu, kisha huchomwa itoke. Mvuke wake hauna rangi ya kukushtua, na ndio wenye madhara makubwa. Ukiona mtu anachoma, usikae upande upepo unakoelekea, wala usisogee kupiga picha.

Ukipita karibu na machimbo yanayofanya kazi, kama ya Nyarugusu au Rwamgasa, tazama kitu kimoja: matimba. Ni yale magogo na fito zinazopangwa kuzunguka kuta za duara ili lisiporomoke. Duara likiongezeka kina, matimba huongezeka. Yakioza au kuvunjika, huletwa mengine. Ndiyo roho ya mchimbaji, hawezi kuyaacha, na mimi siwezi kumwambia ashuke bila hayo. Lakini lazima yatoke mahali. Muulize muuza matimba, kwa upole, amekata wapi na kama kuna shamba la miti la karibu analoweza kununulia. Penye miti ya kupandwa kwa kazi hiyo, msitu wa asili hupumua. Hili ndilo suluhisho ninaloliamini zaidi kwa Geita, na linahitaji mashamba ya miti yaliyo karibu na machimbo, siyo semina.

Maswali yanayozaa majibu

Usimwulize mtu kwa nini anakata miti. Utapata jibu la kukufurahisha, basi. Uliza kuhusu maisha yake.

Kwa mzee: "Hapa palikuwaje ulipokuwa kijana?" Kaa, sikiliza. Huenda akakueleza jinsi vichaka vilivyofyekwa ili kuwaondoa mbung'o. Serikali ya kikoloni ilifanya kampeni kubwa za aina hiyo kuanzia miaka ya 1920, na Charles Swynnerton aliweka kituo cha utafiti wa mbung'o hapo Shinyanga. Huenda akakueleza pamba ilivyopanuka na ng'ombe walivyoongezeka. Na karibu wote watataja kuhamishiwa vijijini katikati ya miaka ya 1970, familia zikaziacha ngitili zao nyuma. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Shinyanga ilikuwa inaitwa jangwa la Tanzania. Ukitoka kwenye kivuli cha ngitili ukakumbuka hilo, utamtazama mzee huyo kwa heshima nyingine.

Kwa mlinzi: "Mara ya mwisho mtu kutozwa faini ilikuwa lini?" Swali hili nalipenda kuliko yote. Sheria za ngitili hupangwa kwenye dagashida, baraza la kimila, na sungusungu ndio wanaozisimamia. Anayevunja hutozwa mchenya, yaani faini. Jibu likiwa la mwaka huu, ulinzi uko hai. Kama hakuna anayekumbuka, na visiki vipya umeviona, umeshaelewa tatizo liko wapi.

Kwa mama: "Kuni unazipata umbali gani, na zamani ilikuwaje?" Kisha uliza kuhusu uyoga, furu, ukwaju, asali, dawa. Utafiti uleule wa 2005 ulikadiria kwamba ngitili humpa mtu thamani ya dola 14 kwa mwezi, wakati wastani wa matumizi ya mtu wa kijijini Tanzania ulikuwa dola 8.50. Sehemu ya fedha hiyo haionekani sokoni kwa sababu inaingia jikoni moja kwa moja. Mama ndiye anayejua hesabu yake.

Kwa mwenye ngitili ya familia: "Ukigawa kwa watoto, itabaki?" Hapa shuka taratibu, ni jambo la nyumbani kwa mtu. Hekta 4 zikigawanywa kwa watoto watano hakuna anayebaki na ngitili, kila mmoja anabaki na kiwanja cha kulima. Ukiwa wewe ndiye mmoja wa watoto hao, chukua hatua sasa, baba akiwa hai: kubalianeni ibaki moja, mgawane nyasi na kuni badala ya ardhi. Kisha ombeni hati ya hakimiliki ya kimila chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, na hakikisheni ngitili imeandikwa kwenye mpango wa matumizi bora ya ardhi wa kijiji. Ngitili iliyo kwenye karatasi ni ngumu kuimega.

Na ikimegwa ikaisha, mfugaji anayeipoteza hauzi ng'ombe akakaa. Anahama. Wafugaji wengi wa Kisukuma wamesogea hivyo kwa miongo, Usangu, Rukwa, Morogoro, kisha Rufiji, Kilwa na Lindi, kwenye misitu mikavu ya Pwani yenyewe. Anayeulizia usalama wa misitu ya Kilwa, basi, aulizie na malisho ya Kishapu, huku Shinyanga.

Ukikuta uharibifu

Unaweza kukuta tanuri linafuka, au watu wanapasua mbao. Usiwafuate, usiwapige picha nyuso, usianze mahubiri. Wana mapanga na wewe kesho haupo. Geuka na mwenyeji wako, kariri alama ya mahali: mbuyu, kijito, kichuguu. Ukirudi ofisini mweleze mtendaji ana kwa ana. Kama ni msitu wa serikali, peleka taarifa ofisi ya TFS ya wilaya. Jina la mwenyeji wako usiliweke kwenye taarifa, yeye anabaki kijijini.

Fedha yako iache hapo

Nunua asali kijijini, siyo stendi. Nunua ukwaju, furu ikiwa msimu wake, mkeka, kuku. Kula chakula cha mchana kwa mama lishe wa pale. Fedha inayokuja kwa sababu ya ngitili ndiyo hoja kali kuliko zote kwenye mkutano wa kijiji siku mtu anaposimama kudai ikatwe.

Mkaa wa barabarani usibebe. Najua bei inavutia, na unajua jirani zako watakuagiza. Gunia lisilo na nyaraka za kusafirishia linaweza kuwa limetoka kwenye lile duara jeusi ulilolikanyaga asubuhi, na kizuizini ni wewe utakayeulizwa. Nyumbani, punguza unapoweza: maharage loweka usiku kucha, funika sufuria, gesi itumie kwa vinavyochukua muda mfupi. Miji yetu, Mwanza, Kahama na Geita, ndiyo soko, na soko likilegea shoka nalo hulegea.

Ukitaka safari kubwa zaidi

Ukishaizoea ngitili, jipange kwenda Rubondo. Ni kisiwa cha Ziwa Victoria kilichofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1977. Sehemu kubwa ya nchi kavu yake ni msitu, na ndani yake wapo sokwe, uzao wa wale walioletwa kati ya 1966 na 1969. Boti hupatikana Kasenda, karibu na Muganza wilayani Chato, au Nkome upande wa Geita. Kasenda ni karibu zaidi. Wasiliana na TANAPA kabla, mpange boti na malazi, kwa sababu ukifika ufukweni bila mpango unaweza kulala hapohapo. Linganisha msitu huo na ngitili uliyoiona: kule askari analinda, huku jirani anamlinda jirani.

Ukishafika nyumbani

Picha ulizopiga zirudishe kwa waliopigwa. Tuma kwa simu ya mtendaji, au chapisha chache umpe dereva wa basi la kijiji. Orodha ya miti uliyoandika, majina ya Kisukuma na matumizi, tuma nakala kwa mwalimu wa shule ya msingi ya pale. Ataitumia darasani.

Panga kurudi msimu wa pili, kwenye kijiji kilekile. Kama ulikwenda Mei, rudi ngitili ikifunguliwa. Piga simu wiki moja kabla. Siku ya kuingiza ng'ombe huamuliwa na wenyewe baada ya kuziangalia nyasi, na mwaka wenye mvua haba inaweza kusogea bila taarifa kukufikia mjini.